CPAP ya presha moja na ile inayojirekebisha: ipi uchukue, na namba uziweke wapi

Mtu akishapimwa na kuambiwa kuwa pumzi zake hukatika usingizini, swali la kwanza dukani anaponunua CPAP, yaani mashine inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa, huwa bei, la pili kelele. Swali lenye uzito zaidi huja baadaye, mashine ikiwa kando ya kitanda kwa wiki mbili tatu na kichwa bado kizito kila asubuhi: presha imewekwa ngapi? Presha hapa ni msukumo wa hewa unaotoka kwenye mashine, wala haihusiani na shinikizo la damu. Hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hutoa kuanzia 4 hadi 20.

Kazi ya msukumo huo ni moja tu. Ukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, na njia ya hewa huziba. Zikifika sekunde 10 bila hewa kupita, huo unahesabiwa kuwa mkatiko. Hewa ya mashine huitanua njia kutoka ndani, kama maji yanavyoutanua mpira uliosinyaa. Ikiwa kidogo, njia inaendelea kufunga. Ikizidi, inaleta matatizo mengine ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni ugonjwa uleule.

Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipoitangaza tiba hii mwaka 1981, ilikuwa presha moja usiku kucha. Aina hiyo bado ipo na bado inatibu vizuri. Ya pili ni inayojirekebisha, ambayo wauzaji huiita APAP au auto: unaipa namba ya chini na namba ya juu, nayo hupanda na kushuka katikati ya hizo kulingana na koo lako usiku huo.

Jibu fupi kwa mkazi wa Mwanza asiye na nafasi ya kulala maabara akitafutiwa presha yake: chukua inayojirekebisha, lakini usiiache kwenye 4 hadi 20 kama inavyotoka kiwandani. Auto iliyoachwa wazi hivyo inaweza kutibu vibaya kuliko ya presha moja iliyowekwa vizuri. Zaidi ya hapo, auto unaweza kuigeuza iwe ya presha moja kwa kubadili hali kwenye menyu, ilhali ya presha moja huwezi kuigeuza iwe auto.

Usiku unavyokwenda kwenye kila moja

Koo halihitaji msukumo uleule usiku kucha. Ukilala chali unahitaji zaidi kuliko ukilala ubavu. Kwenye usingizi wa ndoto, misuli ikiwa imelegea kabisa, mahitaji hupanda tena. Bia mbili za jioni huongeza, mafua huongeza, na mtu akipungua uzito mahitaji hushuka.

Mashine ya presha moja haijali lolote kati ya hayo. Ikiwekwa 11, itatoa 11 saa 4 usiku na 11 saa 11 alfajiri. Faida yake ni utulivu: hakuna msukumo unaopanda ghafla ukakuamsha, na barakoa iliyokaa vizuri mwanzoni huwa inabaki hivyo. Hasara ni kwamba inabidi ipangwe kwa ajili ya saa mbaya kuliko zote, kwa hiyo saa nyingine unapokea hewa nyingi kuliko unayohitaji.

Inayojirekebisha inasikiliza. Hufuatilia umbo la pumzi unayovuta, na pumzi ikianza kuwa bapa badala ya kuinuka vizuri, inajua njia imeanza kubana. Husikia pia mtetemo wa kukoroma. Hapo huongeza hewa polepole kwa dakika kadhaa, na njia ikitulia hushuka polepole zaidi. Kumbuka neno polepole. Haiwahi mkatiko wa kwanza, inajaribu kuuzuia wa tano. Ndiyo maana namba ya chini ina maana kubwa kuliko ya juu.

Kwa matokeo ya jumla, tofauti si kubwa. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha Marekani cha tiba ya usingizi unakubali aina zote mbili kwa mgonjwa mzima asiye na maradhi mengine makubwa ya moyo au mapafu. Hivyo usikubali muuzaji akwambie kwamba presha moja imepitwa na wakati.

Namba ya presha moja inatoka wapi

Njia ya maabara iko hivi. Mgonjwa analala amefungwa nyaya, fundi anaanza na 4, kisha anaongeza 1 au zaidi, akisubiri angalau dakika 5 kati ya hatua na hatua. Kwa mtu mzima anaongeza akiona mikatiko 2 ya kuziba, au pumzi kupungua mara 3, au dakika 3 za kukoroma kwa nguvu. Anaendelea mpaka pumzi zitulie hata mgonjwa akiwa chali katika usingizi wa ndoto. Namba iliyopatikana ndiyo inaandikwa.

Njia ya pili ni kutumia auto nyumbani kwa wiki moja au mbili kisha kusoma ilichokiona. Hii ndiyo inayowezekana kwa wengi kanda ya ziwa, na ni njia inayokubalika kitabibu. Kisha unaamua: uifunge kwenye namba moja, au uiache ijirekebishe ndani ya nafasi nyembamba.

Njia ya tatu, ambayo tunaikataa wazi, ni kunakili namba ya mtu mwingine. Presha haifuati unene wala ukali wa ugonjwa kwa mstari ulionyooka. Mtu wa kilo 120 anaweza kutulia kwenye 9, na mwembamba mwenye taya fupi akahitaji 13.

Kwa nini 4 hadi 20 haifai

Anza na 4. Huo ndio msukumo wa chini kabisa unaotosha kufukuza hewa chafu kupitia matundu madogo ya barakoa. Kwa watu wazima wengi hauleti raha, unaleta hisia ya kukabwa. Mtu anavuta na hewa haitoshi, anaichomoa barakoa dakika ya kumi na kusema mashine imemshinda, kumbe kinachomshinda ni namba 4.

Anayevumilia akalala hukutana na tatizo la pili. Tuseme koo lake linahitaji 10. Mashine inaanza 4 na inabidi ipande ngazi sita, na kila ngazi inapandwa baada ya kuona dalili mbaya. Mwanzo wa usiku unaweza kupotea kwa mikatiko. Baadaye inashuka, anageuka chali, na safari inaanza upya.

Upande wa juu nako kuna mtego. Barakoa ikivuja, mashine inaweza kusoma vibaya umbo la pumzi na kuongeza hewa. Hewa ikiongezeka, barakoa inainuka zaidi usoni na kuvuja zaidi. Ukiacha dari la 20, utaamka saa 9 usiku macho makavu, mdomo umekauka kama gunzi, na upepo unapuliza usoni kama uko mbele ya feni. Wengine humeza hewa, wakaamka tumbo limejaa na gesi. Na kwa baadhi ya watu, msukumo mkubwa huleta mikatiko ya aina nyingine, ile ambayo njia iko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kuvuta pumzi. Kuongeza presha kwa ajili ya mikatiko hiyo huizidisha.

Jinsi ya kubana nafasi

Kabla ya kugusa presha, angalia uvujaji. Kwenye mashine za ResMed, uvujaji wa kiwango cha asilimia 95, yaani ambao haukuzidiwa kwa asilimia 95 ya muda, unatakiwa uwe chini ya lita 24 kwa dakika. Aina nyingine hujumlisha na hewa inayotoka kihalali kwenye matundu ya barakoa, kwa hiyo namba zake huwa kubwa na huwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Uvujaji ukiwa juu, namba zote nyingine kwenye ripoti ni za kutilia shaka. Kaza mikanda ukiwa umelala na mashine inapuliza, kwa sababu uso wa aliyelala si uso wa aliyekaa. Usikaze mpaka iache alama, kwani barakoa nyingi huziba kwa kujaa hewa, zikibanwa sana hukunjamana na kuvuja. Ndevu za siku tatu huvujisha barakoa ya pua na mdomo. Mafuta usoni pia: osha uso kabla ya kulala, na usipake mafuta mazito pale mpira unapokaa.

Uvujaji ukitulia kwa usiku saba mfululizo, soma namba tatu. Ya kwanza ni AHI, yaani mikatiko na pumzi pungufu kwa kila saa. Chini ya 5 ni shabaha. 5 hadi 15 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 30 wa kati, na 30 kwenda juu mkali. Ya pili ni presha ya katikati, ambayo nusu ya usiku ilikuwa chini yake. Ya tatu ni presha ya asilimia 95, ambayo haikuzidiwa kwa asilimia 95 ya muda; mashine za Philips huonyesha asilimia 90 badala yake.

Chukua mfano: katikati 8.4, asilimia 95 ni 11.2, AHI ni 6, na mikatiko mingi ni ya kuziba. Ukitaka auto, weka chini 8 na juu 13. Ukitaka presha moja, anza na 11. Katika hali zote mbili lala usiku tano hadi saba kabla ya kuhukumu, na usogeze 1 tu kwa mara moja. Usiku mmoja mbaya haumaanishi kitu, labda ulikuwa na mafua au ulichelewa kula.

AHI ikibaki juu kwa mikatiko ya kuziba, namba ya chini ndiyo ya kupandisha kwanza, si ya juu. Ikiwa ripoti inaonyesha mashine inagonga dari kila usiku, hapo ndipo uongeze dari. Na ikiwa mingi ni ile ya njia kuwa wazi, usiongeze kitu. Kwa watu wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi michache ya kutumia mashine. Isipopungua, hiyo ni kazi ya daktari.

Kuna vitu viwili vinavyovuruga hesabu hii kimyakimya. Cha kwanza ni nafuu ya kutoa pumzi, ambayo kwenye ResMed imeandikwa EPR na ina ngazi 1 hadi 3. Ngazi ya 3 inashusha msukumo kwa 3 kila unapotoa pumzi. Ni raha, lakini aliyekuwa na 10 bila nafuu, akiweka ngazi ya 3, anatoa pumzi kwenye 7, na koo linaweza kuanza kuziba. Ukiibadilisha, hesabu kama umebadilisha presha. Cha pili ni mwanzo wa polepole, unaoandikwa Ramp, ambao huanza chini na kupanda kwa dakika hadi 45. Anayesinzia haraka anapitisha mikatiko yote humo. Dakika 10 au 15 kuanzia 6 zinatosha, na ukishazoea izime.

Usibadilishe barakoa na presha usiku uleule. Hutajua kipi kilisaidia.

Nani asichukue auto

Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, mwenye mapafu yaliyoharibika kwa moshi au sigara, mwenye kifua kisichotoa hewa ya kutosha kwa sababu ya unene mkubwa, na anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini: hawa wasijipangie auto nyumbani. Mashine inasikiliza koo tu, haisikilizi ubongo wala haijui oksijeni ya damu imeshuka. Wengi wao huhitaji presha iliyotafutwa chini ya uangalizi, au mashine ya ngazi mbili yenye msukumo mmoja wa kuvuta na mwingine wa kutoa. Mashine ya ngazi mbili hufikiriwa pia mtu akishindwa kuvumilia msukumo mkubwa, hasa ukifika 15. Ukiwa na kadi ya kumbukumbu ya mashine yako, nenda nayo kwa daktari wa kifua au wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando au kwingineko, naye ndiye wa kuidhinisha namba. Ripoti ya usiku kumi na nne inamsaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

Anayeendesha lori kwenda Dar es Salaam au basi la usiku asijaribu namba mpya mkesha wa safari. Afanye hivyo siku za mapumziko.

Mambo ya ziwani

Mwanza iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko huu, lakini za zamani sana huwa na mpangilio wa kuwekwa kwa mkono. Iliyosahauliwa kwenye usawa wa bahari inaweza kutoa pungufu ya inachoandika, hivyo hakikisha kabla hujaanza kulaumu namba.

Wavuvi wa dagaa wana shida yao. Wanafanya kazi usiku wa giza na kulala asubuhi, ilhali mashine za ResMed huhesabu siku kuanzia saa 6 mchana hadi saa 6 mchana ya kesho yake. Anayelala saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, usingizi wake unagawanywa kwenye siku mbili za ripoti, na kila moja inaonekana fupi. Mtu akisoma haraka atadhani mgonjwa haivai. Kwa mvuvi kama huyu auto ina faida ya kweli: usingizi wa mchana wa joto na ule wa wiki za mbalamwezi, anapobaki nyumbani na kulala usiku, haulingani, nayo inafuata.

Umeme ni pa kupigia hesabu mapema. Feni ya mashine pekee kwenye presha ya 10 hula kama wati 8 hadi 15. Ukiwasha joto la tangi la maji linaloipa hewa unyevu, na mpira wa hewa wenye joto, inaweza kufika wati 40 hadi 60. Betri ya sola ya N100 ni volti 12 mara amp-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiikamue zaidi ya nusu, inabaki 600, na inveta inakula sehemu yake mpaka kama 500. Bila joto, hiyo ni kama usiku nne au zaidi. Na joto, ni usiku mmoja. Kwa mtu wa Ukerewe au kisiwa chochote chenye umeme wa kusuasua, kuzima joto kuna maana kuliko kuchagua kati ya aina hizi mbili. Auto iliyoachwa ipande hadi 18 hula zaidi, sababu nyingine ya kuibana. Usiunganishe mashine ya volti 24 moja kwa moja kwenye betri za lori, kwa kuwa injini ikichaji volti hupanda kupita 24. Tumia kibadilishaji chake.

Umeme ukikatika, barakoa ya pua na mdomo ina vali inayofunguka uvute hewa ya chumbani. Ya pua tu, utafungua mdomo.

Tangini weka maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Ya bomba, hata yakiwa safi kwa kunywa, huacha ukoko. Yakikosekana, chemsha, pozesha, na umwage kila asubuhi. Usichukue chupa iliyoandikwa maji ya betri kituo cha mafuta bila uhakika, kwani ndani yake yaweza kuwa asidi.

Vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, pamoja na moshi wa mkaa hujaza kichujio haraka. Kitazame kila wiki mbili. Wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata taa, kwa hiyo mashine isikae chini ya balbu wala dirishani. Iweke kwenye stuli nje ya chandarua, chini ya usawa wa kitanda ili maji ya mpira yasikurudie usoni, na upitishe mpira upande wa kichwani ukichomeka chandarua vizuri kuuzunguka. Chandarua kikivuta mpira, barakoa inasogea na kuvuja, na asubuhi utaona presha imepanda bila sababu.

Ukinunua iliyotumika

Soma jina lililoandikwa kwenye mashine. Kama ni ya presha moja, uliza inaandika nini kwenye kadi, kwa kuwa baadhi ya za bei ya chini huandika saa za matumizi tu bila AHI. Hiyo usiichukue, maana hutakuwa na namba ya kurekebishia. Angalia saa ilizofanya kazi kwenye menyu. Angalia adapta iwe ya volti 100 hadi 240. Ikiwa hivyo, iliyotoka Marekani itafanya kazi hapa kwa kubadili waya wenye pini tu.

Juni 2021 Philips iliziita zirudishwe mashine nyingi za DreamStation za kizazi cha kwanza na nyinginezo, kwa sababu povu la kupunguza kelele ndani yake linaweza kuchakaa na chembe zake kuingia kwenye hewa unayovuta. Mashine hizo hazikutoweka duniani, na bei ya chini sana ni ishara ya kuuliza. Linganisha namba ya mashine (serial number) na orodha ya kampuni kabla ya kulipa, na ukiona chembe nyeusi kwenye mpira au tangini, usiivae hata usiku mmoja. Barakoa, mpira na kichujio nunua vipya.